Umepigwa Kalamu: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Kuhusu Pesa za Mwisho wa Kazi

Nina saiba ndogo hapa Nakuru, si mbali na steji ya matatu. Kompyuta nne, printa moja yenye kiburi, na benchi la mbao nje ya mlango. Wateja wangu wengi hukaa kwenye hilo benchi wakiwa na bahasha ya kaki mkononi: wametoka Naivasha kwenye maua, Kaptembwo, Free Area, wengine wamekuja kwa dada zao kutoka Kisumu na Kakamega baada ya unga kumwagika. Mimi si wakili. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka mitano, kisha nami nikapigwa kalamu. Haya ndiyo wanayoniuliza, na ndivyo ninavyowajibu.

Nimesikia kuna pesa za serikali kwa mtu aliyepoteza kazi. Nijaze fomu gani?

Hakuna fomu, kwa sababu hakuna pesa hiyo. Kenya haina mfuko wa kumlipa mtu kwa kuwa tu amekosa kazi.

Najua uvumi huu unatoka wapi. Mtu ana shemeji Marekani, ambako kila jimbo lina mpango wake unaogharimiwa na kodi ya waajiri, na majimbo mengi hulipa hadi wiki 26. Au ana binamu ng'ambo ya ziwa, Mwanza. Tanzania wana fao la upotevu wa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akiachishwa kazi bila hiari yake, hulipwa theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6. Sisi hatujafika huko.

Inua Jamii, ule msaada wa pesa wa serikali, ni ya wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na watu wenye ulemavu mkubwa, kwa hivyo haikuhusu. Hasla Fandi ni mkopo, na mkopo ukiwa huna kazi ni mzigo juu ya mzigo.

Kwa hivyo pesa yako iko sehemu mbili: kwa aliyekuwa bosi wako, na NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara. Yote mawili yanategemea makaratasi uliyo nayo, ndiyo maana mtu akikaa kwenye benchi langu naanza na bahasha, si na hadithi.

Nimefutwa jana. Nianzie wapi?

Anzia kwenye simu yako. Kabla bosi hajakutoa kwenye grupu la WhatsApp la kazini, piga picha ya kila ujumbe unaotaja zamu, mshahara au kufutwa kwako. Hifadhi jumbe za M-Pesa au chukua taarifa ya benki. Kisha kusanya hati za mshahara, hata zile zilizolowa chai.

Halafu dai barua. Kuambiwa "usirudi kesho" na supavaiza pale getini kunatokea kila siku, lakini kwa mdomo tu baadaye watasema ulitoroka kazi. Hilo ndilo jibu la kwanza la waajiri wengi: "Huyu aliacha kazi mwenyewe." Wakikataa kukupa barua, waandikie wewe ujumbe mfupi siku hiyohiyo: "Habari, leo tarehe fulani nimeambiwa na fulani nisirudi kazini. Naomba barua na malipo yangu." Wasipojibu, ujumbe wako una tarehe, na hiyo tarehe itakusaidia.

Dai pia cheti cha utumishi. Hiki ni haki ya kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, hata kama alifukuzwa kwa makosa. Kinaeleza jina lako, kazi uliyofanya, ulipoanza na ulipomaliza. Bosi halazimiki kukusifu, lakini kukunyima cheti ni kosa la jinai. Wengi hawajui, wanakibembeleza kana kwamba wanaomba msaada.

Ninadai nini hasa?

Inategemea umetokaje. Anayeondoka kwa namna yoyote, hata aliyefukuzwa papo hapo kwa wizi, lazima alipwe siku alizofanya kazi mwezi huo na siku za likizo ambazo hakuchukua. Sheria inatoa angalau siku 21 za likizo kwa mwaka.

Ukiachishwa bila notisi, unalipwa mshahara wa kipindi cha notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, isipokuwa mkataba wako au mkataba wa chama cha wafanyakazi unasema zaidi.

Ukipunguzwa kwa sababu kazi imepungua, unaongezewa malipo ya kupunguzwa: si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Na si hilo tu. Bosi lazima akupe notisi ya angalau mwezi mmoja au alipe mwezi huo. Lazima aandikie chama cha wafanyakazi, au kama huna chama, akuandikie wewe; na kwa vyovyote amwandikie afisa wa leba. Na asichague kwa chuki: sheria inamtaka aangalie ukongwe kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu.

Wiki mbili zilizopita nilifanya hesabu na kijana mmoja wa Pipeline, nyuma ya risiti ya duka. Mshahara 18,000. Alifanya kazi miaka 6 na miezi 7, akaambiwa idara imefungwa. Alikuwa amefanya siku 14 za mwezi wa mwisho, na alidai likizo siku 12.

Tukagawa 18,000 kwa 30, siku moja ikawa 600. Siku 14 ni 8,400. Likizo siku 12 ni 7,200. Notisi mwezi mmoja, 18,000. Miaka 6 mara siku 15 ni siku 90, yaani 54,000. Ile miezi 7 ya mwisho haihesabiwi kwenye malipo ya kupunguzwa kwa kuwa mwaka haukukamilika; hapo alinuna kidogo. Jumla 87,600. Kampuni ilikuwa imempa 26,400 na kumwambia "ndiyo yote". Ukiangalia vizuri utaona walilipa siku 14 na notisi, wakaruka yaliyobaki.

Wengine hugawa mshahara kwa 26, idadi ya siku za kazi kwa mwezi, na hapo hizo siku 90 zinapanda hadi kama 62,300. Mkataba wa chama ukisema 26, dai 26.

Wameniletea karatasi ya kusaini kwamba nimelipwa yote. Nisaini?

Isome kwanza. Kisha isome tena ukiwa nyumbani.

Mwaka nilioachishwa, nilisaini karatasi ya aina hiyo nikiwa nimesimama koridoni, mlinzi kando yangu, kwa shilingi 11,000. Nilikuwa nadai zaidi ya mara nne ya hizo. Afisa wa leba aliponiuliza kama kuna aliyenishika mkono nikasaini, sikuwa na jibu. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba ukisaini kwa hiari, ukijua unachosaini, hayo ni makubaliano na yanakufunga. Si kila mara, kwa maana vitisho na ulaghai ni mambo mengine, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako.

Ukihitaji hizo kidogo kwa kodi ya nyumba, andika kwa kalamu juu ya sahihi yako: "Nimepokea shilingi kadhaa kama sehemu ya malipo, bado nadai mengine." Wakikataa maneno hayo, tayari umejua karatasi ile ilikuwa ya kazi gani.

Mimi ni kibarua wa siku. Sina barua, sina mkataba. Nina haki?

Hili ndilo swali la watu wengi zaidi, kuanzia mjengo wa Section 58 hadi mashamba ya miwa kule Muhoroni, na jibu lake huwafurahisha watu kuliko yote.

Ukiwa kibarua lakini umefanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi mmoja, au unafanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu, sheria inakugeuza kuwa mfanyakazi wa mwezi. Notisi, likizo, vyote vinakufuata. Bosi kukulipa kila Jumamosi hakubadilishi hilo.

Kuhusu kukosa mkataba: kuandika mkataba ni jukumu la mwajiri, na bosi akiwa hana kumbukumbu, ni yeye anayepaswa kukanusha unachodai. Wewe leta ulichonacho. Mama mmoja wa Nyalenda aliyekuja kwa dadake hapa hakuwa na chochote isipokuwa daftari la mraba la mtoto. Kila siku ya kazi alikuwa ameweka alama, na kila Jumamosi kiasi alicholipwa, kwa kalamu ya risasi, miaka miwili na nusu. Pembeni mwa siku nyingine aliandika "mvua, hatukulipwa". Tulipolinganisha na M-Pesa yake, tarehe zilikubaliana karibu zote. Nilipiga nakala kurasa zote na sikumtoza.

Wa mkataba wa msimu, mambo ni tofauti: muda ukiisha na mkataba haukufanywa upya, kwa kawaida hakuna malipo ya kupunguzwa. Angalia tarehe ya mwisho kabla ya kupandisha hasira.

Ofisi ya leba inafanya nini? Ni lazima niwe na wakili?

Si lazima, na huduma ya afisa wa leba ni bure. Unapeleka malalamiko, anamwandikia mwajiri, anawaita wote wawili, mnahesabu mbele yake. Kesi nyingi ndogo huishia hapo, hasa bosi akiona barua yenye mhuri.

Usiende na hadithi ndefu ya jinsi meneja alivyokuchukia. Nenda na ukurasa mmoja. Ninaowachapishia huandika hivi: "Niliajiriwa tarehe fulani kama mpakizi. Nilikuwa nalipwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Tarehe fulani niliambiwa kwa mdomo na meneja nisirudi. Sikupewa notisi wala nafasi ya kujitetea. Nadai: mshahara wa siku 9, likizo siku 21, notisi ya mwezi mmoja, na cheti cha utumishi." Basi. Chini yake jina, nambari ya kitambulisho, simu, na majina ya mashahidi wawili kama wapo.

Maneno "nafasi ya kujitetea" usiyaache. Bosi anayekufuta kwa makosa, utendaji mbaya au ugonjwa lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, na akusikilize. Asipofanya hivyo, kufutwa kwako kunaweza kuwa si halali hata kama kosa lilikuwepo. Hapo mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Inaweza, mara nyingi huwa chini ya hapo.

Nina muda gani?

Malalamiko ya kufutwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Kesi mahakamani, miaka 3 tangu siku ulipofutwa.

Watu hupotelea hapa. Bosi anasema "njoo mwezi ujao", mwezi ujao anasema "mhasibu yuko safarini", na miaka mitatu inapita hivyo hivyo. Mazungumzo hayasimamishi saa. Nimeona mtu amekuja na kesi nzuri kabisa, bahasha safi, amechelewa wiki tano.

Mshahara wako ukiwa 80,000 au chini kwa mwezi, kesi inaweza kusikizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za kazi, huhitaji kufika Nairobi. Juu ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo inakaa Nakuru na Kisumu pia.

Niko na miaka 34. Naweza kutoa pesa zangu za NSSF nikae nazo mpaka nipate kazi?

La. Pole.

NSSF si benki ya dharura. Umri wa kustaafu ni 60, na aliyeacha kazi anaweza kudai kuanzia 50. Chini ya hapo ni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu wa kutoweza kufanya kazi, anayehama Kenya moja kwa moja, au warithi wa aliyefariki. Kama kazini kulikuwa na mpango wa pensheni wa kampuni, tofauti na NSSF, huko mara nyingi unaweza kupata sehemu ya akiba ukiondoka. Uliza msimamizi wa mpango huo, si meneja.

Nimefika 50. Kwa nini pesa zangu haziji?

Nitakwambia ninayoyaona, kwa mpangilio wa yanavyojirudia.

Kwanza majina. Kitambulisho kinasema Achieng, NSSF wameandika Achiengi, benki ina Acheng. Kwa kompyuta hao ni wanawake watatu. Tofauti ya herufi hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, na unapeleka pamoja na nakala ya kitambulisho. Usifike dirishani kwanza ukapewa tarehe ya kurudi. Lisafishe jina kabla ya kudai.

Pili, nambari mbili. Uliajiriwa Kisumu ukapewa nambari, ukahamia Nakuru ukapewa nyingine. Michango imegawanyika. Omba ziunganishwe.

Tatu, akaunti ya benki iliyolala. Pesa zinatumwa, zinarudi, wewe unasubiri. Weka hata mia mbili na utoe, uhakikishe inafanya kazi, na iwe kwa jina lako, si la mumeo wala la mwanao.

Nne, bosi hakuwasilisha. Hili linauma zaidi. Mshahara ulikatwa kila mwezi, lakini taarifa ya michango ina mashimo. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Peleka hati za mshahara zinazoonyesha makato kwa maafisa wa NSSF, wao wana mamlaka ya kumfuata pamoja na adhabu. Usisubiri ufike 50 ndipo uangalie. Angalia leo, ukiwa bado unajua mhasibu alikuwa nani.

Na ukiona kiasi ni kidogo kuliko ulivyoota, huenda hakuna aliyeiba. Kwa miaka mingi wengi walichangia shilingi 200 na bosi 200. Miaka kumi ya hivyo ni 48,000 kabla ya riba. Viwango vya asilimia 6 kwa 6 vilianza Februari 2023. Mwenye mshahara wa 18,000 sasa hukatwa 1,080 na bosi huongeza kiasi hichohicho.

Bosi hakunisajili NSSF kabisa.

Basi una dai jingine: malipo ya utumishi kwa kila mwaka uliofanya kazi. Sheria haiyatoi kwa aliye mwanachama wa NSSF, lakini wewe hukufanywa mwanachama. Mahakama kwa kawaida huhesabu siku 15 kwa mwaka. Liandike kwenye ule ukurasa mmoja.

Kampuni imefilisika. Basi?

Wadai ni wengi, lakini wafanyakazi hawako mwisho wa foleni. Mishahara ya miezi 4 kabla ya ufilisi hupewa kipaumbele, hadi shilingi 200,000 kwa mfanyakazi. Peleka dai lako kwa maandishi kwa mfilisi au msimamizi aliyeteuliwa, ukiambatisha hati za mshahara. Asiyepeleka hahesabiwi. Kule magharibi, ambako viwanda vya sukari vimefungwa na kufunguliwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nimeona wazee wakingoja kuitwa. Hawakuitwa.

Bima ya afya nayo?

Makato ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya asilimia 2.75 kwenye mshahara yanakoma siku mshahara unapokoma. Unahamia kundi la wasio na ajira rasmi: unajibu maswali ya kupima uwezo wako kupitia *147# au Afya Yangu, unapewa kiwango, na unalipa cha mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole kwa asiyeweza kwa mkupuo. Kama una mtoto mgonjwa au mke mjamzito, fanya hili kabla hata ya kwenda leba.

Kuna mtu amenipigia anasema atanisaidia pesa za NSSF zitoke haraka, nimtumie 3,500.

Kata simu. Kudai NSSF hakulipiwi. Huyo ana jina lako na jina la kampuni kwa sababu orodha zimevuja mahali, si kwa sababu yuko ofisini. Na usimpe mtu yeyote ule msimbo unaotumwa kwa simu yako, hata akikuita "mzee wangu" mara ishirini.

Na KRA, watu wa kodi?

Mwaka uliofanya kazi hata mwezi mmoja si mwaka wa ritani tupu. Omba fomu P9, inayoonyesha mshahara wako na kodi uliyokatwa, kwa aliyekuwa mwajiri na uwasilishe kufikia Juni 30. Ukikaa mwaka mzima bila mapato, hapo ndipo unawasilisha tupu. Ukinyamaza, kuna faini. Vijana huja kwangu Juni 29 jioni, stima ikiwa imepotea.

Unatoza ngapi?

Kuchapisha ni kumi kwa ukurasa. Kuandika ile barua ya leba ni bure, lakini njoo na tarehe: ulianza lini, uliachishwa lini. Ukisema "kama miaka minne hivi", nitakurudisha kwenye benchi ukakumbuke.